Mimi Pia Nina Moja

Wamekuja watano, kila mmoja na simu yenye picha zake.
Mimi nina pini kumi na mbili mdomoni,
kwa hiyo nasikiliza.

Benedita anaolewa Agosti. Alisema "nyeupe" mara moja tu
na tangu hapo nyeupe imezaa:
nyeupe ya maziwa, nyeupe ya ganda la yai,
nyeupe ya mfupa, nyeupe ya mchele uliooshwa,
na moja ambayo dada yake Filomena anaiita shampeni,
ingawa mimi naiona chai iliyozidiwa maziwa.

Kisha wasimamizi.
Binamu Noémia, aliyekesha kwenye basi kutoka Luksemburgi,
anataka kijani cha jani la mzeituni.
Graça hataki. Kijani, anasema, humfanya afanane na mgonjwa wa ini.
Filomena ana mimba changa na swali moja:
"Nipimwe mimi, au tupimwe wawili?"
Mama yao anataka waridi iliyopauka ifanane na maua,
vitambaa vya meza vifanane na waridi,
tai ya bwana harusi ifanane na vitambaa,
na bwana harusi, maskini, afanane na tai.

Penye wengi pana mengi.
Mvua ya Viana inapiga kioo, inapumzika, inarudi.
Karibu na cherehani ameketi Bibi Deolinda,
miaka themanini na tisa, mfuko wa karatasi magotini.
Hakuna aliyemuuliza kitu.
Anangoja wachoke.

Walipochoka, akaufungua.

Gauni jeusi.
Mahameli, na juu yake shanga za kioo, nyeusi pia,
majani na maua usiyoyaona
mpaka uligeuzie dirishani,
ndipo bustani nzima inakukonyeza.

"Nililoolewa nalo," akasema.
"Huku kwetu hatukuvaa nyeupe kuolewa.
Nyeupe ilikuwa ya shuka, na ya majeneza ya watoto.
Dhahabu huonekana juu ya weusi.
Mama aliniazimia mikufu ya majirani watatu,
na kanisa zima lilijua upi ni wa nani."

Akacheka peke yake.

Benedita akaingia nyuma ya pazia, nami nikaingia naye.
Vifungo kumi na vinne mgongoni.
Tisa vikakubali.
Vitano vikagoma, na kati ya kingo mbili
ukabaki mgongo wake, upana wa vidole vitatu, umeingia baridi.
Nikapapasa ubavuni: kuna kitambaa kimekunjwa ndani.
Fundi wa zamani alijua watu hunenepa.
"Naweza kufumua," nikasema.

"Usifumue. Nitazikwa nalo.
Mwenzenu nimekonda miaka kumi ili linienee."

Mvua ikapata nafasi ya kusikika.
Filomena akauliza, taratibu, kama anayeinua sahani ya moto:
"Sasa Bibi, umelileta la nini?"

"Mlikuwa mnazungumzia rangi.
Nikaona mimi pia nina moja."

Mama alishinda, nisiwafiche. Waridi iliyopauka,
mita ishirini na sita, imeshaagizwa.
Noémia amepewa utepe wa kijani ili asinune,
Graça amejipaka poda kwa hasira,
na Benedita amechukua mchele uliooshwa, mikono mirefu, bila mkia.
Lakini mlangoni alirudi, mwavuli umeshafunguka nusu.

"Nyuma nataka vifungo kumi na vinne.
Vya kioo. Vyeusi."

"Havitafanana na chochote!" mama akapaza sauti kutoka barabarani.

"Ndiyo, Mama."

Jioni nimefagia. Vipande vya sampuli, uzi, pini mbili zilizonitoroka,
na chini ya kanyagio la cherehani, shanga moja nyeusi,
ndogo kuliko mbegu ya papai.
Ningeweza kumpelekea kesho; nyumba yake ni ya tatu kutoka kwa mwokaji.
Nimeitia kwenye kopo la vifungo, nikalifunga.
Gauni lile litarudi kwangu mara moja tena,
na siku hiyo, bila kuulizwa,
nitajua pengo lake liko wapi.